Lakabu ya mhusika katika michezo ya mezani

lakabu (nomino; ngeli ya i-/zi-; asili: Kiarabu). Jina ambalo mtu au mhusika hubandikwa na wengine juu ya jina lake, kwa sababu ya sifa, kasoro au kisa fulani. Kisawe cha karibu: *jina la utani*. Lisichanganywe na *jina bandia*, ambalo mtu hujichagulia ili asitambulike.

Katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani, kila mchezaji humbuni mhusika wake, humwandikia sifa kwenye karatasi, kisha hurusha dadu ili kuamua yanayompata. Jina la heshima analopewa mhusika mwanzoni mara nyingi halidumu, kwani wenzake mezani humbandika jingine. Mfasiri anayekutana na majina hayo hukabiliwa na maswali mawili: lakabu ichukue upatanisho gani wa kisarufi, na mzaha wake uvushweje hadi Kiswahili. Mifano ya sentensi iliyomo humu imetungwa, na wachezaji wake ni wa kubuni. Wamewekwa Njombe na Makambako.

Upatanisho. Lakabu ya kiumbe hai hufuata ngeli ya a-/wa-, hata kama neno lenyewe ni la ngeli nyingine. Mfano unaojulikana kote Tanzania ni *Tingatinga*, lakabu ya John Magufuli. Mashine *limefika*, lakini mtu *amefika*. Vivyo hivyo, shujaa wa mezani aliyeitwa *Kiazi*, zao lisilokosekana katika masoko ya Njombe, huandikwa: «Kiazi amevuka daraja», «Kiazi wetu ameishiwa mishale». Mpiganaji asiyeweza kuamua jambo, akaitwa *Njiapanda* na wachezaji wa Makambako (mji ambako barabara ya Songea huachana na ile ya Mbeya), huandikwa: «Njiapanda bado anafikiri, na zimwi limekwisha kumfikia».

Kurudisha upatanisho wa kitu si kosa kila mara. Msemaji akitamka «Kiazi kimekimbia tena», amemshusha mhusika kutoka utu hadi ukitu, na kicheko kimo katika *ki-* hiyo. Ni dharau ileile iliyomo katika «kijitu kile kimekuja». Mhariri anayesahihisha sentensi hiyo iwe *amekimbia* huufuta mzaha wote. Herufi kubwa ibaki, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha msomaji kuwa anayezungumziwa bado ni mhusika.

Kuvusha mzaha. Lakabu yenye maana ya wazi hutafsiriwa bila shida. Ugumu huanza pale jina linapotokana na mchezo wa herufi. Mchezo wa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa nchini Marekani mwaka 1974, na baadhi ya wahusika wa wachezaji wake wa awali wamehifadhiwa katika majina ya uchawi yaliyomo vitabuni mwake. *Tenser* ni herufi za Ernest, jina la mwana wa Gygax, zilizopangwa upya. *Drawmij* ni Jim Ward, jina la mchezaji, likisomwa kutoka mwisho. *Melf* alitokana na karatasi ya mhusika: vifupisho vya jinsia na aina ya kiumbe vilisomwa kama neno moja.

Majina haya yakitajwa tu, yaachwe yalivyo. Yakihitaji kuchekesha, hayana budi kuundwa upya, na Kiswahili kina zana zake. Fomu zetu huandika jinsia kwa *Me* na *Ke*. Mhusika wa kiume wa aina ya *elfi* hupatikana kuwa *Melfi* kwa njia ileile ya asili, na dada yake akawa *Kelfi*, pato ambalo Kiingereza hakikuwa nalo.

Kwa Drawmij hali ni tofauti. Kugeuza herufi moja moja hakufai katika lugha ambayo silabi zake huishia kwa irabu: *Njombe* ikigeuzwa hivyo haitamkiki. Kinachofaa ni *kinyume*, mchezo wa maneno wa pwani ulioandikwa na wachunguzi tangu karne ya 19, ambapo silabi ya mwisho hupelekwa mbele. Kwa kanuni hiyo *Njombe* huwa *Mbenjo*, na *Makambako* huwa *Komakamba*. Yote mawili yangeweza kuwa majina ya wachawi wazee bila kumshangaza mtu. Wakigeuza silabi zote, wachezaji watapata *Kombakama*, lakini hapo msomaji hatambui tena neno la awali, na fumbo lisilofumbulika halichekeshi.

Tahadhari. *Mnyalukolo* ni lakabu ya watu wa Iringa na Njombe kwa pamoja; mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na lakabu haikugawanywa. Limejengwa juu ya *lukolo*, yaani ukoo, katika lugha za huko, na wenyeji huitana hivyo kwa maana ya ndugu. Mfasiri anayetafuta jina la kumbandika mhusika mshamba asiyejua mjini atavutwa kulitumia, kwa sababu linachekesha kinywani mwa baadhi ya watu wa miji ya mbali. Hilo halifai. Utani una wenyewe: neno ambalo mtani humwambia mtani mwenzake, na kujibiwa kwa jingine, huwa tusi likichapwa kitabuni bila mtu wa kujibu. Mhusika aitwe Mnyalukolo pale tu anapoitwa hivyo na nduguye, kwa mfano: «Kamwene, Mnyalukolo! Zamu yako, rusha dadu».