Unaogopa Umeme?

Mwaka jana niliitwa kwa mahojiano ya kazi ya kuandika programu katika kampuni moja hapa Nairobi. Nilibeba laptopu yenye kazi yangu: programu ya kuhesabu stoki inayotumiwa na maduka matatu ya jumla. Hakuna aliyetaka kuiona. Nilipewa kalamu, nikaonyeshwa ubao mweupe. Nichore mti wa data wenye matawi mawili mawili, halafu niandike programu ya kuupindua, kushoto kuwe kulia.

Nikakwama. Karo iliniishia mwaka wa pili, na hilo somo sikulifikia. Jamaa akaangalia saa.

Kazi sikupata. Lakini swali lilinikaa kichwani: haya maneno ya ubao yalianzia wapi?

Mwaka 1945, huko Philadelphia, jeshi la Marekani lilitafuta watu wa kuendesha ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki. Jean Jennings, binti wa mkulima kutoka Missouri, akaenda kuhojiwa. Alivyosimulia baadaye, Herman Goldstine alimuuliza anauonaje umeme. Akaanza kueleza fizikia aliyosoma. Hapana, akaambiwa, je, unauogopa? Akasema hauogopi. Akawa mmoja wa wanawake sita waliojifunza kuipanga mashine hiyo kwa kusoma michoro yake, maana kitabu cha maelekezo hakikuwepo.

Miaka ya 1950 kampuni zilianza kuhitaji maprograma wengi, na hakuna aliyejua programa mzuri anafananaje. IBM ikatunga mtihani: mfululizo wa namba, maumbo, hesabu. Inakadiriwa kwamba mwaka 1967 pekee watu zaidi ya 700,000 waliufanya. Watafiti walipoangalia, alama za mtihani zilikuwa na uhusiano hafifu na utendaji wa mtu kazini. Ukaendelea tu kutumika, kwa sababu kusahihisha ni rahisi.

Kisha Microsoft ikavuma kwa mafumbo: mbona vifuniko vya mashimo ya majitaka ni vya mviringo? Google nayo ilikuwa na yake, hadi mwaka 2013 Laszlo Bock, mkuu wa masuala ya wafanyakazi huko, alipokiri kwamba mafumbo yalikuwa kupoteza muda. Ubao ukabaki. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeunda Homebrew, aliandika kwamba Google ilimkataa ingawa wahandisi wake wengi wanaitumia programu hiyo. Kisa? Hakuweza kupindua mti ubaoni.

Mti uleule! Nilicheka peke yangu kwa matatu, abiria wakanigeukia.

Ninachokiona ni hiki: mwajiri asipojua kumtambua fundi, huuliza kile anachoweza kukipa alama. Swali la umeme, hata kama lilikuwa la ajabu, angalau liligusa mashine yenyewe.

Lakini nisijitoe. Mwezi uliopita mwenye duka mmoja aliniomba nimsaidie kuchagua kijana wa kutunza ile programu ya stoki. Kijana alipoketi, mkono wangu ulishashika kalamu. Nilitaka kuchora mti. Nilikuwa nimeshaujifunza, ni mistari michache tu, na kusema kweli nilitaka amwone nani anaujua.

Nikaweka kalamu chini, nikamgeuzia laptopu. Kuna hesabu ilikuwa inakataa tangu Jumatatu. Nikamwambia, "Hapa pamenishinda. Tuangalie pamoja."