Cheti Kinasema Ulikaa, Hakisemi Unaweza

Huku Nakivale, mwambie kijana akuonyeshe karatasi zake. Atakutolea vyeti vitatu, vinne: ushoni, kompyuta, uongozi, ujasiriamali. Sasa soma vizuri. Vingi vinasema "amehudhuria". Yaani alikaa darasani. Anaweza kufanya nini, hakuna mahali pameandikwa. Halafu tunashangaa kwa nini fundi wa Mbarara haangalii hiyo karatasi, anampa tu kijana kitambaa na kumwambia: kata, nione.

Mimi nafanya kazi na vijana, na swali hili naulizwa kila mara. Najibu kwa historia, maana tatizo halikuanza na sisi wakimbizi.

Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Ralph Tyler, alifika Chuo Kikuu cha Ohio State kusaidia walimu kutunga mitihani. Mitihani ya baiolojia iliuliza zaidi mambo ya kukariri. Yeye akawauliza walimu: mnataka mwanafunzi aweze nini akimaliza? Wakasema atumie kanuni kwenye jambo jipya, apime ushahidi. Kumbe mtihani ulikuwa unapima kitu kingine kabisa! Na aliyekariri vizuri si lazima awe ndiye anayejua kufikiri.

Baadaye Tyler aliongoza upimaji katika utafiti mkubwa wa miaka minane, 1933 mpaka 1941. Shule 30 ziliachiwa uhuru wa kupanga masomo yao, na vyuo vikuu vingi vikakubali kupokea wanafunzi wao bila kudai orodha ile ya zamani. Jozi 1,475 za wanafunzi zikalinganishwa wakiwa chuoni. Wale wa shule huru hawakubaki nyuma, na kwa jumla walifanya vizuri kidogo zaidi. Mwaka 1949 Tyler akaandika kitabu chenye maswali manne: tunataka kufikia nini, mwanafunzi apitie mambo gani, tuyapange vipi, na tutajuaje kama tumefika. Mwaka 1962 Robert Mager akaongeza kwamba lengo zuri linataja kitendo chenyewe, hali ya kukifanyia, na kiwango cha kufika.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere alilisema jambo hili mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake: tuamue kwanza mtoto afundishwe nini kwa maisha yake, mtihani ufuate elimu, si elimu kufuata mtihani. Maneno mazuri. Lakini mtihani wa darasa la saba uliendelea kuwa mlango mwembamba wa sekondari, na nafasi zilikuwa chache. Mzazi alijua hivyo, mwalimu alijua, mtoto naye alijua. Shule nyingi shamba likawa kazi ya kutimiza tu, akili iko kwenye mtihani. Mwaka 1974, kule Musoma, chama cha TANU kiliamua mtihani wa mwisho usihesabiwe peke yake, na kazi za mwanafunzi zihesabiwe pia.

Hapo ndipo mimi najifunza. Andika malengo matamu unavyotaka, watu watasoma kile kitakachopimwa. Na kama hakuna kitakachopimwa, watakuja kukaa, wasaini, waende.

Tuchukue mafunzo ya ushoni ya miezi mitatu. Lengo likisema "kijana ataelewa ushoni", hilo halishikiki. Sema hivi: "Ataweza kupima mtoto, kukata kitambaa na kushona sketi ya shule bila kusaidiwa, sketi imkae mtoto, na zipu ifunguke na kufungika." Basi mtihani umeshajitunga wenyewe. Mlete mtoto, leta kitambaa na cherehani. Kumuuliza kijana aandike sehemu kumi za cherehani si kumpima ushoni, ni kumpima kuandika. Mama ambaye hakusoma lakini mkono wake ni mzuri atafeli bure, na mwenye kukariri atapita bila kujua kushika mkasi.

Na masomo yenyewe yatabadilika. Kama zipu itapimwa, lazima kila mmoja ashone zipu mara nyingi kabla ya siku hiyo, si kumtazama mwalimu akishona moja mbele ya watu ishirini.

Wengine wanasema kitambaa ni gharama. Ni kweli. Lakini miezi mitatu ya kijana nayo ni gharama, hata kama haiandikwi kwenye bajeti. Wengine wanaogopa watakaofeli wataumia. Basi tuwaambie "bado", tuwaonyeshe palipopinda, warudie. Anayeumia zaidi ni yule aliyedanganywa na karatasi, akaenda kuaibikia mjini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku mtu akija na fomu ya mafunzo mapya, kabla ya kuandika jina muulize mambo mawili: mwisho nitaweza kufanya nini, na mtaniangalia vipi nikikifanya? Akikosa jibu, shikilia kalamu yako kwanza.