Moyo uliotengenezwa utotoni huhitaji kuchunguzwa ukubwani

Takriban mtoto mmoja kati ya kila 100 duniani huzaliwa na kasoro ya moyo. Tangu upasuaji wa kwanza wa kuwasaidia watoto wenye kasoro nne za Fallot, uliofanywa Baltimore, Marekani, mwaka 1944, wengi wamefikia utu uzima. Hata hivyo, si wote waliopona kabisa.

Aliyezibwa tundu la moyo na kupanuliwa njia ya damu iendayo mapafuni huweza kubaki na vali inayovuja. Damu irudiyo nyuma huutanua upande wa kulia wa moyo, na miaka 20 au 30 baadaye moyo huweza kushindwa kufanya kazi. Dalili ni pumzi kukatika, miguu kuvimba, mapigo kwenda mbio na kuzirai. Lakini aliyezoea kuchoka tangu utotoni huenda asizitambue.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Ansab, mjini Muscat, Kituo cha Taifa cha Moyo kimo katika Hospitali ya Royal, wilayani mwao Bausher. Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Wanaohama baina ya nchi hizi watunze hati zao za upasuaji. Bila hizo, daktari mpya huona kovu asijue kilichofanywa. Wanawake wachunguzwe kabla ya kushika mimba.

Vali ikibadilishwa mapema, moyo uliotanuka huweza kurudi karibu na ukubwa wake wa kawaida.