Seva na Dereva

Chini ya ngazi za ofisi moja hapa Bungoma, katikati ya magunia matupu na katoni za risiti, niliwahi kuonyeshwa kompyuta nyeusi iliyojaa vumbi, taa yake ya kijani ikipepesa. Kampuni yenyewe husaga mahindi na kuuza mbolea, na ina wafanyakazi wapatao 80. Mkurugenzi aliigusa kwa ncha ya fimbo yake.

"Hii ndiyo seva yetu ya barua pepe," akasema. "Imezeeka. Sasa niambie, mwalimu, tununue seva gani?"

Kabla sijajibu, karani wa mauzo akaomba ruhusa ya kusema. "Mzee, usisahau ile wiki stima ilipotea. Bei tulizotuma kwa ile zabuni ya shule zililala humo ndani mpaka siku ikapita."

"Na nani alikuwa akiiangalia?" nikauliza.

Wakatazamana. Kijana aliyeiweka alikuwa amehamia Nairobi, mwaka wa pili huo, na nywila alikwenda nayo.

Nimelirudia swali la mzee mara nyingi tangu siku ile, na naamini shida ilianzia kwenye neno lenyewe.

Seva tumeikopa kutoka Kiingereza, kwenye kitenzi chenye maana ya kuhudumu au kutumikia. Kwa asili yake, basi, ni jina la mtendaji: yule anayehudumu. Kiswahili kililipokea kama kilivyopokea neno jingine la Kiingereza lenye mwisho uleule, yaani dereva. Maneno haya mawili yalipita mlango mmoja na yote mawili yakatoka na silabi ya "va" mkiani. Lakini yalipofika ndani yaliketishwa mahali mbalimbali. Dereva akapewa upatanisho wa watu: dereva amefika, dereva huyu, madereva wetu. Seva ikapewa upatanisho wa vitu: seva imezima, seva hii, seva zetu. Ukisema dereva, msikilizaji anamwona mtu mwenye leseni, mwenye usingizi na njaa, anayeweza kuugua na akahitaji wa kumpokea usukani. Ukisema seva, anaona kisanduku.

Yapo maneno mengine ambayo yangeweza kushika nafasi hiyo. Mtumishi lina uzito wake, ila limekwisha kuwa na wenyewe: mtumishi wa umma, mtumishi wa Mungu. Mhudumu liko karibu zaidi, kwa kuwa kitenzi chake kiko wazi na kinazaa maswali: anamhudumia nani, saa ngapi, akipumzika nani anashika zamu? Mtu angeweza pia kuunda kihudumu, kwa ile "ki" ya zana iliyotupa kipakatalishi. Hata hivyo seva ndilo lililoenea, na sababu zake zinaeleweka. Ni fupi, halibadiliki katika wingi, na fundi wa Kitale na wa Dar es Salaam wanalitamka namna moja. Sina haja ya kuling'oa. Ninachoomba ni kwamba tunapolitumia, tumkumbuke yule mhudumu aliyemo ndani yake.

Humo ndani, kwa hakika, wamo wahudumu kadhaa. Kwenye barua pepe neno seva limefunika kazi tatu ambazo ofisi zetu za zamani zilizijua kwa majina.

Kazi ya kwanza ni ya tarishi, kuchukua barua na kuifikisha. Itifaki inayowaongoza matarishi wa barua pepe hadi leo iliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, na adabu yake inapendeza. Seva inayotuma hubisha hodi kwa seva inayopokea, hujitambulisha, hutaja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kisha husubiri jibu. Mlango usipofunguliwa, haitupi barua. Huiweka kwenye foleni na kurudi tena na tena, kwa kawaida siku nne au tano, ndipo ikate tamaa na kumjulisha aliyeandika.

Adabu hiyo ndiyo inayoeleza kisa cha karani. Stima inapokatika nchi nzima, kama ilivyokuwa usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, barua zinazokuja kwenye seva iliyozimika hazifi. Hukaa kwa watumaji, zikibisha hodi mpaka taa zirudi. Zinazoumia ni zile zinazotoka. Bei za zabuni zilikuwa zimeshaondoka kwenye meza ya karani, lakini zilikuwa bado kwenye foleni ndani ya kisanduku kilichozimika. Yeye aliamini ametuma. Kwa upande wake alikuwa ametuma kweli.

Kazi ya pili ni ya sanduku. Hapa msomaji yeyote wa Bungoma ana mfano mfukoni, kwa kuwa barua nyingi za ofisi zetu bado hubeba S.L.P. na namba 50200, na za Kitale hubeba 30200. Sanduku liko posta, ufunguo uko kwako. Seva ya barua pepe hutunza masanduku ya namna hiyo, moja kwa kila mfanyakazi, ili barua ileile isomwe kwenye simu asubuhi na kwenye kompyuta mchana. Utunzaji huu una hesabu yake. Ukimpa kila mmoja wa watu 80 nafasi ya gigabaiti 10, umeshafika 800, na bado hujaweka nakala ya akiba, ambayo yafaa ikae katika jengo jingine.

Kazi ya tatu ni kupepeta. Wakulima wa wimbi na mpunga huziita pepe zile punje tupu zisizo na kiini, ambazo upepo huzichukua mtu anapotikisa ungo. Neno hilo limo katika ukoo mmoja na upepo, pepea na pepeta, na ukoo huo ndio unaosikika katika barua pepe: barua nyepesi, iendayo kwa kasi ya upepo. Lakini chenye wepesi wa kuja huja na makapi mengi. Barua taka, hati bandia za malipo, ujumbe wa matapeli wanaojifanya mkurugenzi, yote hupita njia ile ile ya barua za kweli. Seva isiyopepeta vizuri humwachia mhasibu kazi hiyo, naye ana mambo mengine ya kufanya.

Tukishazijua kazi hizi, uchaguzi unakuwa mwepesi kuusema. Njia ziko tatu, nami huzieleza kwa lugha ya nyumba: kujenga, kupanga chumba, na kuhamia kwenye jumba kubwa la watu wengi, ambalo mafundi huliita wingu.

Anayejenga hununua mashine na kuweka programu zake mwenyewe. Programu nzuri zipo bila malipo ya leseni. Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, hufanya kazi ya tarishi, na Dovecot hutunza masanduku. Wengine hununua Exchange ya Microsoft. Faida ya kujenga ni kwamba barua ziko kwako na, kwa programu hizo za bure, hakuna ada ya kila mwezi kwa kila kichwa. Gharama yake ni mtu. Mwezi Machi 2021 wavamizi waliingia katika makumi ya maelfu ya seva za Exchange duniani kupitia nyufa ambazo kila mwenye seva alitakiwa kuziziba mara tu viraka vilipotolewa. Waliokuwa na fundi macho waliwahi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuyahudumia matoleo ya Exchange ya 2016 na 2019, kwa hiyo nyufa mpya za matoleo hayo hazina tena viraka vya kawaida. Ongeza radi zetu za alasiri msimu wa mvua, zinazounguza vifaa visivyo na kinga. Ongeza pia suala la kuaminika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wateja wao, nao wanadai uthibitisho kwamba barua imetoka kweli kwa anayetajwa. Seva ya chini ya ngazi isiyo na uthibitisho huo hutuma, na barua zake huishia kwenye taka za wateja.

Anayepanga chumba hulipia sehemu ndogo ya seva ya kampuni inayohifadhi tovuti, pengine ileile inayohifadhi yake. Ni rahisi kwa bei, na kwa kampuni ya watu watano inatosha. Tatizo ni majirani. Wapangaji wengi hutumia anwani moja ya intaneti, na mmoja wao akianza kumwaga barua taka, anwani hiyo huingia kwenye orodha nyeusi na wote hukataliwa milangoni. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Anayehamia kwenye wingu, kama Google Workspace au Microsoft 365, hulipa kwa kila mtu kila mwezi. Watu 80 kwa miezi 12 ni malipo 960 kwa mwaka, na bei ikihesabiwa kwa dola, shilingi ikiteleza bajeti nayo huteleza. Ndiyo maana huuliza kwanza ni nani hasa anayehitaji sanduku. Mpakiaji wa magunia na mlinzi wa lango kwa kawaida hawana haja nalo, na idara ya mauzo inaweza kusoma anwani moja ya pamoja. Huenda 80 wakawa 30. Kingine ni njia. Barua ya kuagiza mbegu kutoka Bungoma kwenda Kitale inaweza kuvuka bahari na kurudi kabla haijafika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Aliye kwenye wingu hukaa na hatari hiyo. Kwa upande mwingine anapata mafundi wanaokesha kwa zamu, nakala za akiba, na upepetaji ambao kampuni ya wastani haiwezi kuujenga peke yake.

Ushauri wangu kwa mzee ulikuwa wazi. Kampuni ya watu 80 isiyo na fundi wa kudumu isijenge. Kujenga kuachiwe taasisi zenye mafundi wa zamu, kama chuo au hospitali kubwa. Yeye aende kwenye wingu, kwa masanduku machache, na kiungo cha pili cha intaneti kupitia mtandao wa simu ili karani asikwame.

Lakini nilimwambia pia kwamba lipo jambo linalotangulia seva, nalo ni jina. Jina la kikoa, lile linaloishia kwa .co.ke na kusajiliwa katika daftari la KeNIC, ndilo S.L.P. yake halisi. Matarishi wote duniani husoma kumbukumbu za jina hilo ili wajue wapeleke barua wapi. Jina likiwa lake, anaweza kuhama seva mara tatu na wateja wasijue. Likisajiliwa kwa jina la kijana aliyehamia Nairobi, hana kitu. Na kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za wateja zikivuja kwa namna ya kuwaweka hatarini, kampuni ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Wingu halimwondolei wajibu huo. Lazima awepo mtu wa kuhesabu saa hizo.

Waliotunga kanuni za barua pepe walilijua hili mapema. Kanuni zao zinataka kila kikoa kinachopokea barua kiwe na anwani ya mkuu wa posta, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuiandikia kueleza hitilafu na akategemea kusikilizwa. Hawakuridhika na mashine kuzungumza na mashine. Walidai kwamba nyuma ya kila seva awepo mwanadamu wa kuulizwa, na wakamtengea anwani yake. Huyo ndiye dereva wa seva.

Nilimuuliza mzee kama angenunua lori kabla ya kujua ni nani atakayeliendesha hadi Malaba. Hakujibu. Alivuta karatasi ya maombi ya ununuzi iliyokuwa mezani, yenye safu za kifaa, idadi na bei, ambako juu palikuwa pameandikwa "seva, 1". Akachora mstari chini yake, akamtazama karani, kisha akaandika kwa mkono wake: "wahudumu wa barua, 2". Karani akauliza kama jina lake liingie hapo. Mzee akamwambia aliandike mwenyewe, na pembeni aandike la atakayemshikia zamu.