Ngalawa ya mtu mmoja

Historia ya pwani tuliyofundishwa shuleni imejaa majahazi: kusi, kaskazi, karafuu, pembe za ndovu. Jahazi lina nahodha na mabaharia. Mimi leo namuwaza asiye na baharia hata mmoja.

Mtazame anavyoshua ngalawa yake. Hapakii kwanza. Anangoja maji yajae, anatandika magogo mchangani, anasukuma, anarudi kuchukua gogo lililobaki nyuma, analiweka mbele, anasukuma tena. Ngalawa ikielea kwenye maji ya magotini ndipo anapakia: nanga, pondo, upo wa kukumbia maji, mishipi, dema. Jaribu hivyo peke yako na mtumbwi wa kawaida uone kama hutalowa! Ngalawa haipinduki ovyo kwa sababu ya zile mbao mbili za pembeni, matengo.

Matengo hayo yana safari ndefu. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, unataja huku kwetu mitumbwi ya gogo moja na vyombo vya kushonwa, matengo hayamo. Wataalamu wengi wanayahusisha na watu wa visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, walewale waliohamia Madagaska (Bukini ya wazee wetu). Mwaka 1951 Mnorwe Otto Dahl alionesha kuwa Kimalagasi ni ndugu wa Kimaanyan cha Borneo.

Kwangu hii ni historia nzito kuliko ya masultani. Kwenye mashua ya tajiri, mwenye chombo ana fungu lake katika kila samaki. Huyu wa ngalawa akirudi na changu wawili, wote wake.