Nani Alimkasirisha Mungu? Kanisa la São Domingos na Misiba ya Lisbon

Nguzo za Kanisa la São Domingos zimebabuka. Ukiingia ndani, hatua chache kutoka uwanja wa Rossio katikati ya jiji la Lisbon, unayaona mawe yaliyopasuka kwa joto, kingo zilizomeguka na kuta zilizobaki tupu. Moto wa Agosti 1959 uliteketeza mapambo yote ya ndani, na kanisa lilipofunguliwa tena mwaka 1994 makovu hayo hayakufichwa kwa plasta wala kwa dhahabu mpya.

Moto huo ni msiba wa juzi tu. Wadominiko walianza kujenga hapa mwaka 1241, na tangu hapo kanisa hili limepita katika tauni, mauaji na matetemeko ya ardhi. Kila msiba ulileta swali lilelile: kama Mungu ni mwenye upendo na ana uwezo wote, kwa nini anawaacha viumbe wake wateseke hivi? Wanafalsafa wameliandikia vitabu swali hilo. Hapa São Domingos lilijibiwa kwa damu, na jibu lilikuwa na desturi moja mbaya: lilimtafuta mtu wa kubebeshwa lawama.

Aprili 1506 Lisbon ilikuwa taabani. Tauni iliua watu kila siku, mvua zilikuwa zimegoma, na Mfalme Manuel wa Kwanza na watu wake walikuwa wameukimbia mji. Waliobaki walijaa kanisani kuomba rehema. Jumapili ya tarehe 19, wiki moja baada ya Pasaka, waumini walianza kupaza sauti kwamba mwanga wa ajabu unaonekana kwenye msalaba. Mtu mmoja akasema kwamba yeye anaona mwako wa mshumaa tu. Alikuwa Mkristo Mpya, mmoja wa Wayahudi waliobatizwa kwa nguvu mwaka 1497. Alikokotwa nje, akapigwa hadi kufa, na mwili wake ukachomwa Rossio.

Hapo mawazo ya umati yakaenda mbio. Mungu ni mwema, mji unateseka, basi yuko mtu aliyemkasirisha. Watawa wa Kidominiko walitoka na misalaba wakiwachochea watu dhidi ya wazushi, na mabaharia wa kigeni waliokuwa bandarini wakajiunga. Kwa siku tatu Wakristo Wapya walitolewa majumbani, wanaume, wanawake na watoto, wakachomwa katika mioto iliyowashwa Rossio na kando ya mto Tejo. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 1,000 hadi 4,000, na wanahistoria wengi hutaja karibu 2,000. Mfalme alighadhibika. Wachochezi wengi waliuawa kwa hukumu, wakiwemo watawa wawili, na mji ukanyang'anywa baadhi ya haki zake. Hata hivyo, tauni haikuondoka kwa sababu ya mauaji hayo.

Mwaka uliotangulia mauaji hayo, meli za Mreno Francisco de Almeida ziling'oa nanga Lisbon na kuelekea pwani ya Afrika Mashariki. Zilipofika Kilwa mwezi Julai 1505, simulizi ya mtu aliyekuwa katika msafara huo yaeleza kwamba mapadri walishuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu hadi kwenye jumba la sultani. Msalaba ukawekwa chini, mkuu wa jeshi akasali, kisha uporaji ukaanza. Mwezi uliofuata Mombasa iliporwa na kuchomwa. Msiba wa Lisbon ulihesabiwa kuwa ghadhabu ya Mungu. Msiba wa Kilwa ukahesabiwa kuwa neema yake.

Siyo wote walioikubali hesabu ya namna hiyo. Januari 1531 tetemeko kubwa liliipiga Lisbon na bonde la Tejo. Katika mji wa Santarém watawa walipanda mimbarini na kutangaza kwamba ni adhabu ya dhambi, na kwamba tetemeko jingine liko njiani. Hofu ilitanda, na Wakristo Wapya, waliokumbuka vizuri yaliyotokea miaka 25 nyuma, wakaanza kujificha. Aliyesimama kuwakemea watawa hao hakuwa askofu. Alikuwa Gil Vicente, mtunzi wa michezo ya kuigiza ya kasri la mfalme. Aliwakusanya katika nyumba yao ya utawa akawaambia kwamba tetemeko ni jambo la maumbile, na kwamba hakuna mwanadamu aliyepewa kujua siku ya msiba ujao. Kisha akamwandikia Mfalme João wa Tatu kumweleza alivyofanya, akisisitiza kwamba wageni hao katika imani watendewe kwa upole. Miaka mitano baadaye, hata hivyo, Ureno ilipata mahakama yake ya Inkwizisheni ya kuwasaka wazushi, na jumba lake la Lisbon likawa hapohapo Rossio, jirani na São Domingos.

Ndani ya kanisa hilohilo walikuwepo waumini wengine waliokuwa na haki kuliko wote ya kuuliza kama Mungu anawapenda. Karibu mwaka 1551 Lisbon ilikadiriwa kuwa na watu 100,000, na takribani 10,000 kati yao walikuwa watumwa, wengi wakiwa Waafrika. Mwaka 1515 Mfalme Manuel alilazimika kuamuru lichimbwe shimo nje ya mji na litiwe chokaa, kwa kuwa maiti za watumwa zilikuwa zikitupwa ovyo na mbwa wakizila. Mtaa wa eneo hilo bado unaitwa Poço dos Negros, yaani Kisima cha Weusi.

Waafrika wa Lisbon walikuwa na chama chao São Domingos, chini ya jina la Bikira Maria wa Rozari. Hawakuacha kitabu cha kueleza kwa nini Mungu aliruhusu wauzwe. Walichangishana. Fedha zao zilisaidia kuwazika wenzao kwa heshima badala ya kutupwa shimoni, na kuwakomboa baadhi yao kutoka utumwani. Ukitaka kujua wao walilichukuliaje swali la mateso, daftari la michango lingekueleza mengi kuliko mahubiri.

Halafu ikaja tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Saa tatu na nusu asubuhi ilikuwa imepita, makanisa yamejaa, mishumaa inawaka kwenye kila altare, ndipo ardhi ilipoanza kutikisika. Ilitikisika kwa dakika kadhaa, na mapaa ya mawe yakawaangukia waliokuwa wamepiga magoti. Walionusurika walikimbilia ukingo wa mto, wakidhani penye uwazi ndipo penye usalama. Wakaona maji yanajivuta nyuma, kisha yanarudi kwa kishindo. Tsunami ikawazoa. Mishumaa iliyoanguka na meko yaliyoachwa yakawasha moto ulioendelea kwa karibu wiki nzima. Katika mji wa watu wapatao 200,000, waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 30,000 na 50,000.

São Domingos ilibomoka. Kilichopona ni sakristia na sehemu ya altare kuu. Hospitali Kuu ya Watakatifu Wote, iliyopakana nayo, iliteketea na wagonjwa wake ndani. Jumba la Inkwizisheni nalo likaanguka. Familia ya kifalme ilinusurika kwa kuwa ilikuwa Belém, nje ya mji, asubuhi hiyo, na Mfalme José hakutaka tena kulala chini ya paa la mawe. Alihamia kwenye mahema, kisha kwenye jumba la mbao juu ya kilima cha Ajuda.

Maelezo yakaanza kumiminika. John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyeanzisha Umethodisti, alitoa kijitabu mwaka huohuo akiona mkono wa Mungu katika tetemeko hilo na kuikumbusha Lisbon damu iliyomwagwa na Inkwizisheni. Lakini Moroko, ambako hapakuwa na Inkwizisheni, miji ilibomoka vilevile. Ndani ya Ureno, Mjesuiti mzee Gabriel Malagrida aliandika mwaka 1756 kwamba kiini si mvuke wala nguvu za ardhini bali dhambi: michezo ya kuigiza, muziki, ngoma na mapigano ya ng'ombe. Aliwalaumu hata waliokuwa wanahangaika kujijengea vibanda badala ya kufunga na kutubu.

Maneno hayo yalimfika waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye historia inamjua kwa cheo alichopewa baadaye: Marquês de Pombal. Yeye alikuwa na maiti za kuondoa kabla hazijaleta maradhi. Kwa ruhusa ya Patriaki, kiongozi wa Kanisa mjini Lisbon, maiti zilipakiwa kwenye majahazi na kuzamishwa baharini. Waporaji walinyongwa hadharani. Na mwaka 1756 maparokia nchini kote yalipelekewa orodha ya maswali. Tetemeko lilidumu kwa muda gani? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Ardhi ilipasuka wapi? Walikufa watu wangapi? Ni nani alikuwa ametenda dhambi gani, hilo Pombal hakuliuliza.

Malagrida alifukuzwa Lisbon. Baadaye alikamatwa katika msako wa Pombal dhidi ya Wajesuiti, ambao walifukuzwa Ureno na makoloni yake kuanzia mwaka 1759. Kesi yake iliamuliwa na Inkwizisheni, ambayo wakati huo iliongozwa na ndugu yake Pombal mwenyewe. Septemba 1761, akiwa mzee wa miaka 72, alinyongwa na mwili wake ukachomwa Rossio, palepale walipochomwa Wakristo Wapya. Pombal aliyeleta maswali ya kisayansi naye alijua kutumia kuni.

Nje ya Ureno mjadala ulikuwa wa kalamu. Tangu mwaka 1710, mwanafalsafa Gottfried Leibniz alikuwa amewafundisha wasomi wa Ulaya kwamba Mungu, kwa hekima yake, aliumba ulimwengu bora kuliko yote iliyowezekana, na mabaya tunayoyaona ni sehemu ya mpango mwema tusioweza kuuona wote. Mswahili anayeingia msibani akasema kazi ya Mungu haina makosa hayuko mbali sana na fikra hiyo. Tofauti ni kwamba yeye anamfariji mfiwa, wakati Leibniz alikuwa anajenga hoja. Mwandishi Mfaransa Voltaire aliishambulia hoja hiyo kwanza kwa shairi, akiuliza watoto waliokufa vifuani mwa mama zao walikuwa na kosa gani, kisha kwa hadithi ya *Candide* mwaka 1759. Jean-Jacques Rousseau alimjibu kwa barua Agosti 1756: si maumbile yaliyorundika hapo nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Kama watu wangeishi kwa kutawanyika, wangekufa wachache. Immanuel Kant, akiwa kijana bado, aliandika makala tatu kujaribu kueleza matetemeko kwa sababu za ardhini.

Hoja ya Rousseau iligusa jambo ambalo mafundi wa Lisbon walikuwa wanalishughulikia kwa vitendo. Manuel da Maia na wenzake walipanga upya mtaa wa Baixa kwa barabara pana zilizonyooka, na ndani ya kuta za nyumba wakaweka fremu za mbao zilizofumwa mithili ya kizimba, ili jengo liyumbe bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba mfano wa nyumba hizo ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari watembee kwa vishindo kuuzunguka.

Katika *Candide* hiyohiyo kuna ukurasa ambao wasomaji wa pwani yetu wangeutazama kwa jicho jingine. Wasafiri wanamkuta njiani, huko Suriname, mtumwa mweusi asiye na mkono mmoja wala mguu mmoja: mkono ulikatwa baada ya kidole kunaswa na kinu cha sukari, mguu kwa kosa la kutoroka. Anawaambia kwamba hiyo ndiyo bei ya sukari inayoliwa Ulaya. Mateso hayo hayakuhitaji tetemeko. Mwaka 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Mji uliowahi kuporwa kwa nyimbo za shukrani sasa ulikuwa unawauza wengine, na aliyeuza na aliyenunua kila mmoja alikuwa na Mungu wa kumwomba.

Kanisa lenyewe lilijengwa upya taratibu kwa miongo mingi. Mwaka 2000 Patriaki wa Lisbon, José Policarpo, aliomba radhi hadharani kwa mateso yaliyowapata Wayahudi. Mwaka 2008 ukawekwa mbele ya kanisa mnara mdogo wenye nyota ya Daudi kuwakumbuka waliouawa 1506. Uwanjani hapo siku hizi hukutana Waafrika wengi, hasa kutoka Guinea-Bissau, wakiongea na kuuza bidhaa zao.

Kuhusu mauaji, basi, kumepatikana wa kuomba radhi na wa kuombwa. Kuhusu tetemeko hakuna. Majibu ya mapadri wa parokia kwa maswali ya Pombal yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Torre do Tombo, na wataalamu wa matetemeko bado wanayatumia wakikokotoa nguvu ya mtikisiko ule, unaokadiriwa kuwa kati ya 8.5 na 9. Mahali hasa palipopasuka chini ya bahari, upande wa kusini-magharibi ya rasi ya São Vicente, bado wanapabishania.