Sauti ya Siti na Nyuzi za Ganuni

Kabla hajawa muimbaji, Siti binti Saadi wa Fumba, mtoto wa wafinyanzi, alikuwa akitembeza vyungu mjini. Hakujua kusoma wala kuandika. Tungo alizihifadhi kichwani. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, akarikodi nyimbo zake katika santuri. Hata hivyo, waliomzunguka kwa udi na fidla walikuwa wanaume.

Hapo ndipo penye fundo. Taarabu ya Unguja ilimfungulia mwanamke mlango wa sauti, ikamrudishia mlango wa nyuzi. Si kwamba mkono wake ulikuwa mzito. Ufundi wa ganuni, udi na fidla ulirithishwa vikaoni, kutoka mwalimu hadi mwanafunzi, na vikao hivyo aghalabu vilikuwa vya wanaume. Asiyekalishwa karibu na fundi, atakuwaje fundi?

Mwaka 2002 kilifunguliwa mjini Zanzibar Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Wasichana wakajifunza ala pamoja na wavulana. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani akaasisi Tausi, kikundi ambamo wanawake waliimba na kupiga ala wenyewe.

Lakini mlango uliofunguliwa huweza kurudishwa. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kuwa ukosefu wa fedha ulitishia kukifunga, na wanafunzi wengi hawakuimudu ada. Sisi tunaoisifu sauti ya Siti tuna deni kwake: ganuni nayo imfikie mtoto wa mfinyanzi.